Sondi siku 7 au 14? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

FarajaWaKadutu, Jumatano, saa 2 usiku
Jambo yenu wote. Mimi ni mama wa miaka 31, niko lopitali hapa Bukavu, lopitali gani sitaitaja. Nilipasuliwa fistula, lile tundu la kibofu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu, siku 8 zilizopita. Operesheni ilienda vizuri na kitanda changu ni kikavu. Kila asubuhi kabla sijafungua macho napitisha mkono chini yangu, juu ya shuka, na mkono unarudi mkavu.

Shida yangu ni sondi, ule mpira wa mkojo. Mama wa kitanda cha jirani alipasuliwa siku moja na mimi. Jana, siku ya 7, walimtoa sondi, akaenda chooni kwa miguu yake, akarudi analia kwa furaha. Leo amepanda pikipiki amerudi kwao Walungu. Mimi naambiwa ningoje siku 14, labda na zaidi. Mdogo wangu anayesoma chuo amenitafutia kwenye simu: kuna utafiti mkubwa, hata Kongo ilikuwemo, wakaona siku 7 zinatosha. Sasa kwa nini mimi 14? Jumamosi nina safari ya Goma ya muhimu sana. Naweza kuomba wanitoe Ijumaa? Kuna aliyewahi kutolewa mapema asipate shida? Nijibuni haraka tafadhali.

Yaya Nsimire, saa 2:20
Mdogo wangu, kabla ya sondi na safari, umeshamshukuru Mungu? Wale wakoma kumi waliponywa wote, aliyerudi kushukuru ni mmoja. Mambo ya siku ngapi mimi siyajui, lakini haraka sijawahi kuona ikimfaa mgonjwa. Nakuombea usiku huu.

Papa wa Likasi, saa 2:41
Binti yangu, sondi naijua. Mwaka jana nikiwa Lubumbashi prostate ilinifunga mkojo saa 9 za usiku. Tumbo lilikaza kama ngoma, nikawa natembea ndani ya nyumba nimeshika ukuta, mama watoto akaenda kuamsha jirani mwenye gari. Walipoweka sondi nilisikia kama nimeshushwa gunia la mahindi mgongoni. Nikaivaa wiki 3. Ilikuwa mwezi wa kumi, mnajua jua la Lubumbashi mwezi wa kumi, na mimi nakwenda misa na koti la mvua ili watu wasione mfuko. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: usije ukaivuta mwenyewe. Ndani ya kibofu, kwenye ncha ya mpira, kuna puto dogo lenye maji, ndilo linaloushikilia. Wodini kwetu kijana mmoja alivuta kwa hasira usiku. Ile damu sijaisahau.

Kijana_Nyawera, saa 2:55
Mama, Goma kuna nini kisichoweza kungoja siku 6? Kama ni sambaza, zile samaki ndogo, hata Bukavu tunazo, ziwa ni hilohilo!

Mama Mapacha, saa 3:02
Nyawera, mtu yuko kitandani na wewe unaleta sambaza. Mama Faraja, mimi swali langu ni moja: nani anakungoja Goma? Maana sisi wanawake tukiwa na haraka hivi, kuna mwanaume upande wa pili wa ziwa.

MuuguziGoma, saa 3:30
Mama Faraja, nimefurahi kusikia kitanda ni kikavu. Mimi ni muuguzi, nimekaa miaka katika wodi ya upasuaji wa akina mama. Utafiti aliousoma mdogo wako upo kweli, na ni mzuri. Ulitoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Walikuwa wanawake 524 katika nchi 8: Kongo yetu, Ethiopia, Guinea, Kenya, Niger, Nigeria, Sierra Leone na Uganda. Waligawanywa kwa kura, hawa sondi siku 7, hawa siku 14, halafu wakafuatwa miezi 3. Upande wa siku 7 mshono ulifumuka kwa 10 kati ya 250. Upande wa siku 14, kwa 8 kati ya 251. Karibu ni sawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10. Wiki moja ni kitu kikubwa kwa mama aliyeacha shamba na watoto, na kitanda chake kinampata mwingine anayengoja.

Lakini mdogo wako arudi asome kichwa cha habari. Utafiti ule ulihusu fistula nyepesi tu. Tena waliingizwa kwenye kura wale ambao siku ya 7 walikuwa bado wamezibika. Kwa hiyo niambie: tundu lilikuwa moja? Lilikuwa karibu na mlango wa kibofu? Na hii ni operesheni yako ya ngapi?

FarajaWaKadutu, saa 3:52
Aksanti muuguzi. Tundu ni moja, daktari alisema. Mlango wa kibofu sikuuliza. Sina homa, mkojo ni mweupe kama maji, nakunywa sana. Yule mama wa Walungu hata hakuwa anakunywa kama mimi, na wamemtoa!

Mimi nadhani wananishika kwa ajili ya utafiti wao. Jumatatu alikuja binti mwenye daftari, akanisomea karatasi, nikatia saini. Akauliza kama nalala vizuri, kama nakwenda kanisani, kama nakula na wengine. Labda ndiyo maana hawanitoi.

Mwalimu wa Bagira, saa 4:05
Dada, karatasi uliyotia saini ni ya ridhaa, haikufungi miguu. Kanuni za utafiti kwa binadamu, zile za Helsinki za mwaka 1964, zinampa mshiriki haki ya kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake. Kesho mwulize binti yule mbele ya daktari: maswali yako yanahusiana na sondi yangu? Akishindwa kujibu, jitoe. Lakini maswali ya usingizi na chakula hayahitaji mpira ubaki ndani. Hayo ni maswali ya kujua ugonjwa umekufanya nini.

MuuguziGoma, saa 4:10
Mama, swali langu la tatu umelipita. Operesheni ya ngapi?

FarajaWaKadutu, saa 4:48
Ya tatu.

Sikutaka kuandika kwa sababu mkisikia ya tatu mtaniambia nikate tamaa. Nilikuwa na miaka 25. Uchungu siku tatu, mbili kati ya hizo kwenye senta ya afya isiyo na mtu wa kupasua, halafu nikabebwa. Mtoto alikuwa ameshakufa. Siku chache baadaye nikaanza kuvuja. Operesheni ya kwanza, ya lopitali nyingine, haikushika. Ya pili ilikuwa imeshika, nilikuwa mkavu siku 5. Usiku wa siku ya 5 niliona mfuko hauongezeki. Nikaita, nikaambiwa tulia mama, watu wamelala. Tumbo likaanza kuuma, nikaita tena. Alfajiri kitanda kilikuwa kimelowa.

Hii ya tatu imeshika vizuri kuliko zote, mwili wangu unajua. Na ndiyo, Mama Mapacha, kuna mwanaume. Mume wangu yuko Goma miaka 4. Hakunifukuza, aliondoka tu. Juma lililopita alipiga simu mwenyewe, akasema njoo Jumamosi, mama yake atakuwepo, tuongee turudiane. Tikiti ya meli nimeshakata. Siwezi kusimama mbele ya mama mkwe na mfuko wa mkojo. Mnielewe.

Jicho_Kali, saa 5:01 usiku
Samahani wapendwa, lakini hadithi hii imetungwa. Isomeni upya. Mwanzo operesheni moja, sasa tatu. Mwanzo safari ya muhimu, sasa mume na mama mkwe. Mtu wa siku ya 8 yuko kitandani saa 5 za usiku anaandika vizuri hivi? Subirini, kesho ataweka namba ya simu ya kutumiwa pesa. Nimeona nyuzi kama hizi nyingi.

Mama Mapacha, saa 5:06
Hapo nami nimeingia mashaka. Nilimtumia dola 20 mama mmoja wa Uvira aliyesema mtoto wake anapasuliwa moyo. Picha ilikuwa ya mtoto wa nchi nyingine kabisa. Niliona aibu hata kumwambia mume wangu.

Yaya Nsimire, saa 5:10
Ameomba pesa wapi? Nionyesheni mstari.

Jicho_Kali, saa 5:12
Bado. Sawa, Mama Faraja, kama uko wodini kweli, tueleze unavyoishi na hiyo sondi. Aliyeivaa atajua.

FarajaWaKadutu, saa 5:40
Ndugu, sitaki faranga ya mtu. Nikiomba, mnifute.

Mpira umebandikwa paja la kushoto kwa plasta, ukivutika hapo panawasha. Mfuko unaning'inia upande wa chini wa kitanda, hauruhusiwi kuwa juu kuliko kibofu wala kugusa sakafu. Kuna mistari, nahesabu. Ikipita nusu saa haijapanda namwita muuguzi, na huyu wa hapa anakuja. Nakunywa bilauri moja kila saa moja. Hii peke yake ilinishinda siku mbili za kwanza, kwa sababu miaka 6 nilijizoesha kutokunywa. Ukinywa kidogo unavuja kidogo. Lakini mkojo unakuwa mkali, unachoma mapaja, na harufu inakutangulia mlangoni. Nilikuwa nakata kitenge kizee vipande 12 kwa siku, nafua usiku, naanika ndani ya nyumba ili jirani wasione.

Yule binti wa daftari aliponiuliza, unakula pamoja na wengine? nilisema ndiyo. Akanyamaza, akaandika. Usiku nikakumbuka: tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa nachukua sahani yangu ya bugali na sombe naenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Hakuna aliyenituma huko. Nimemdanganya na sikujua kama namdanganya.

Naandika saa 5 kwa sababu sina usingizi.

Papa wa Likasi, saa 5:47
Kuwashwa kwa plasta ni kweli. Waambie wahamishie paja la kulia.

Jicho_Kali, saa 5:55
Siwezi kujua kilichoko nyuma ya simu ya mtu. Lakini kama ni kweli, mama, usipande hiyo meli.

MuuguziGoma, Alhamisi, saa 12 asubuhi
Nimetoka zamu, nimesoma yote. Mama Faraja, sikuambii ukate tamaa. Wanawake wa operesheni ya tatu wanapona, nimewaona kwa macho yangu. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaposema fistula nyepesi, kati ya alama zake ni kwamba ni jaribio la kwanza. Yako siyo. Kila operesheni inaacha kovu, kovu halina damu nyingi, na nyama isiyo na damu nyingi inachelewa kushikana. Wale 10 kati ya 250 walikuwa wenye fistula nyepesi. Namba ile haikukuhesabu wewe, usiikope.

Unasema mwili wako unajua. Usiku ule wa operesheni ya pili ulijua kweli, uliona mfuko hauongezeki, ukaita. Mkojo haukutoka, kibofu kilijaa kikavuta nyuzi za mshono. Hukukosea wewe. Sasa fikiria uko kwenye meli katikati ya ziwa, mpira umetolewa, kibofu kinajaa, na choo ni kimoja cha watu wote.

Tena kuna jambo ambalo hujauliza nami lazima niliseme. Baada ya upasuaji huu, miezi 3 hakuna kulala na mume, hakuna kubeba bidon ya maji wala mzigo mzito. Ukienda Goma kurudiana Jumamosi, utaweza kumwambia hilo usiku huohuo, mama yake akiwa chumba cha pili? Ukipata mimba siku za mbele, kujifungua ni kwa kupasuliwa, na lazima naye alijue.

Mama Mapacha, saa 1 asubuhi
Nilikushuku, dada, nisamehe. Kuhusu mume: aliyeweza kukaa miaka 4 anaweza kukaa siku 6.

FarajaWaKadutu, saa 3 asubuhi
Mnasema kirahisi. Tikiti hawarudishi pesa. Na akibadili mawazo? Mimi nitamwomba daktari tu, akikataa basi.

FarajaWaKadutu, Jumamosi, saa 2 usiku
Daktari alikataa. Alikaa pembeni ya kitanda akanichorea kwenye karatasi: kibofu, tundu lilipokuwa, makovu mawili ya zamani. Lilikuwa karibu kabisa na mlango wa kibofu. Hakuna aliyewahi kunichorea.

Kuhusu lile daftari nilimwuliza yule binti mbele ya daktari kama alivyosema Mwalimu. Halihusiani na sondi. Nimemwomba yule binti afute lile jibu langu la chakula aandike lingine.

Mume nilimpigia. Nilimwambia siku 14 na nilimwambia miezi 3. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia mama yake akiuliza nini, nini. Akasema tutaongea. Mdogo wangu ndiye amepanda meli kwa tikiti yangu, amekwenda na ule mchoro wa daktari ndani ya daftari lake.

Yaya Nsimire, saa 2:15
Umefanya vizuri, mdogo wangu. Kula kwanza.

FarajaWaKadutu, Jumanne, saa 3 usiku
Leo ni ya 14. Kesho asubuhi wataingiza maji ya bluu kwenye kibofu kupitia sondi, watanilaza juu ya kitambaa cheupe, na kuangalia kama kitapata rangi. Kisipopata ndipo watatoa mpira. Nimekunywa bilauri ya mwisho. Mfuko unapanda.

MuuguziGoma, saa 3:04
Niko zamu mpaka asubuhi. Ukiamka, andika.