Wasiwasi sugu: vidonge, tiba ya mazungumzo au vyote? Mliopitia naomba mnilinganishie

Subira_M
Wakuu habari zenu. Huu mwaka wa pili nahangaika na wasiwasi, moyo unanidunda hata nikiwa nimekaa tu, saa nane usiku usingizi unakata na akili inaanza kupiga hesabu za mabaya ambayo hata hayajatokea. Juzi nimepimwa, tezi ya shingo iko poa, damu poa, moyo poa, daktari akasema basi huu ni ugonjwa wa wasiwasi na njia ziko mbili, vidonge vya setralini au tiba ya mazungumzo, nikafikirie nimrudie. Sasa nachaguaje kitu nisichokijua?

Kipepeo7
Pole sana dada. Mi nilianza na hiyo hiyo setralini. Wiki mbili za kwanza ngumu jamani, kichefuchefu, na wasiwasi wenyewe ukapanda kabla ya kushuka, nusura nivitupe vile vidonge maana hakuna aliyeniambia kwamba vinachukua wiki 2 mpaka 6 ndo uanze kuona kazi yake. Wiki ya tano hivi nikajishtukia nimeosha vyombo vyote mpaka sufuria la mwisho bila kuwaza kifo hata mara moja. Nililia pale pale karoni. Kitu kingine hamu ya tendo ilishuka, likikupata hilo mwambie daktari usione haya, anaweza kukupunguzia dozi au kukubadilishia dawa.

Mzee_wa_Pumzi
Mi vidonge sijagusa, nilifanya tiba ya fikra na tabia, aina ya tiba ya mazungumzo, ile aliyoianzisha daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960, vipindi 14. Watu wanadhani unaenda kulia tu kwenye kiti, hapana, ni kazi hasa na unapewa ya kufanya nyumbani. Hofu yangu mi ilikuwa lifti. Siku ya kwanza nilisimama tu mlangoni bila kuingia, jasho linanitoka mgongoni, siku nyingine nikaingia na kutoka mlango ukiwa wazi, baadaye ghorofa moja. Kanuni ni kwamba hofu ikipanda usikimbie, baki hapo hapo mpaka ishuke yenyewe, maana ukikimbia mwili unaamini kilichokuokoa ni kukimbia na kesho utakimbia tena. Ubaya wake ni taratibu, na wataalamu wenyewe kuwapata shida.

Asiyelala
Mbona diazepamu hamuitaji? Mi namezaga, nusu saa tu nimetulia. Mwezi wa nne sasa.

Nesi_Mstaafu
Asiyelala mwanangu, hapo umenitia hofu. Ni kweli inatuliza haraka, na hapo ndipo inaponasa watu. Dawa ile ni ya muda mfupi, wiki 2 mpaka 4, zaidi ya hapo mwili unazoea na kidonge kimoja hakitoshi tena. Lakini USIIACHE ghafla, nimeshauguza mtu aliyepata degedege kwa kuacha siku moja. Nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo, na usichanganye na pombe wala dawa za maumivu za jamii ya mofini, pumzi inaweza kuzima.
Kuna na propranololi, inashusha mapigo na kutetemeka, inafaa kwa mtu anayeenda kusimama mbele za watu, mawazo haiyagusi. Mwenye pumu asiiguse.
Subira, una miaka mingapi? Nauliza kwa sababu walio chini ya 25 wakianza dawa kama setralini wanahitaji mtu wa karibu wa kuwaangalia wiki za mwanzo, mawazo ya kujidhuru yakija waseme siku hiyo hiyo.

Subira_M
Shikamoo mama, nina 31. Nikichanganya vyote viwili je?

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Inaruhusiwa, na wengi hali ikiwa nzito ndo wanafanya hivyo, dawa inakupa nguvu ya kwenda kwenye vipindi. Tofauti unaiona baadaye, ukiacha dawa mapema wasiwasi unarudi, kwa hiyo wengi wanaendelea miezi 6 mpaka 12 baada ya kupata nafuu. Ulichojifunza kwenye tiba unabaki nacho.

Asiyelala
Asante mama. Naenda Jumatatu.

Subira_M
Mi nitaanza na vipindi, wiki ya sita nikiona bado nitamwomba daktari setralini. Maswali nimeshayaandika, la kwanza ni hilo la saa nane usiku.