Mtoto haongezi kilo na pakiti za Plumpy'Nut anapewa: nianzie wapi?

Mhudumu wa Langobaya
Hamjambo wadau. Kuna familia huku Langobaya, bara ya Malindi. Mtoto ana miezi 14, kilo 7.2, mzunguko wa mkono wa juu sentimita 11.3, miguu haijavimba. Zahanati inampa pakiti 21 kwa wiki za Plumpy'Nut, ile lishe laini ya karanga ya kutibu utapiamlo mkali, na hamu ya kula anayo, lakini hii ni wiki ya tatu na mizani iko pale pale. Ana ndugu wawili wakubwa kidogo. Chakula ni sima na mboga ya mchunga, jioni tu. Maji ni ya bwawa wanalonywea na ng'ombe.

Binti Ganda
Pole kwa kazi, dada. Kaa na mama bila kumlaumu, umuulize pakiti zinaliwa na nani. Wale wawili wakipata moja moja kwa siku, 14 zimekwenda kwa wiki, mgonjwa kabakiwa na 7. Pakiti ya gramu 92 ina kalori 500, kwa hivyo kila siku anakosa 1,000. Karatasi tupu zikirudi kliniki zinaonyesha zimefunguliwa, hazisemi nani kala. Na mama gani atamlisha mmoja wengine wakimkodolea macho? Mueleze kuwa hiyo ni dawa, kisha wale wawili watafutiwe chao saa ile ile: muhogo wa kuchemsha, mbaazi, uji. Bila hilo utaongea bure.

Mama Lishe Sabaki
Naongeza namna ya kumpa. Anyonye ziwa la mama kwanza. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mtoto pia. Pakiti ifinyangwe kwa vidole kabla ya kufunguliwa, maana mafuta hujitenga juu, kisha ikatwe pembeni alambe kidogo kidogo, maji safi yakiwa karibu. Isikorogwe kwenye uji: tumbo hujaa maji, nusu bakuli inabaki, dawa inamwagwa. Sima baadaye.

Maji ya bwawa yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote. Akiharisha, zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto aliyekonda hivi hatibiwi kuhara kwa kubahatisha nyumbani.

Mhudumu wa Langobaya
Ahsanteni sana. Na unga wa uji wa nafaka saba, ule unaochanganywa na soya, karanga na dagaa? Jirani anamsihi mama anunue.

Mama Lishe Sabaki
Hapana. Soya isiyoiva vizuri inaharisha, dagaa na karanga zikikaa ndani ya unga zinachacha, na bei yake inanunua kunde za wiki nzima. Uji wa unga wa aina moja unatosha, mzito wa kung'ang'ania kijiko ukikiinamisha. Ukiiva, tia kijiko cha dagaa waliokaangwa na kutwangwa, au kunde zilizopondwa, na tui zito kidogo. Huo ni wa ndugu zake sasa, na wake akishapona.

Mdau wa Kliniki
Rudia kipimo: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukining'inia, mkanda usibane nyama. Chini ya 11.5 bado ni utapiamlo mkali. Wiki tatu bila kuongeza ni nyingi, usingoje uone kama kuacha kugawana pakiti kutasaidia. Mrudishe wiki hii, uombe achunguzwe kifua kikuu na virusi vya ukimwi, na uulize kama amepewa dawa ya minyoo. Akikataa pakiti, akitapika kila kitu, akilegea, au ukibonyeza miguu yote miwili kwa sekunde 3 na vishimo vikabaki, mpelekeni Hospitali ya Malindi bila kungoja kesho.