Ngamiani Nyumbani: Mama anakuja Nairobi

ALHAMISI

Zena 19:12
Asalaam aleikum wote, shikamooni wakubwa. Picha za Jumapili hizi, zilikuwa zimekwama. Tulikwenda Naivasha.

Zena 19:12
📷 Picha 6

Rama 19:15
Shemeji kwenye baiskeli 😂😂 nani kamshika kwa nyuma?

Hamisi 19:17
Cheka tu. Hapo ni Hell's Gate. Unakodi baiskeli getini unaingia zako katikati ya pundamilia na twiga. Nyati ndio wa kukaa nao mbali. Mapaja mpaka leo siyahisi.

Mwanaidi 19:18
Na wewe Zena mbona huna baiskeli? Picha zote umesimama.

Zena 19:20
Nilishika mifuko.

Mwanaidi 19:20
Hicho kijumba cha picha ya tano?

Zena 19:23
Ni kanisa. Liko Mai Mahiu, unaposhuka Bonde la Ufa. Mateka wa Kiitaliano walilijenga mwaka 1942, wale waliokuwa wanachonga hiyo barabara. Ndani ni kama chumba chetu cha uani, bila ya kabati. Na juu pale kabla ya kushuka, dada, unaona bonde lote mpaka mlima Longonot. Hamisi alinyamaza dakika tano nzima, na mnamjua.

Mama 19:31
🎤 Ujumbe wa sauti 1:48

Mwanaidi 19:36
Kwa wasiofungua sauti. Kwanza marahaba. Pili Zena amebadilika uso. Tatu, mwenye nauli ya kwenda kuangalia pundamilia anayo nauli ya kuja Tanga. Nne, amechoka kuwaona kwenye kioo, anakuja mwenyewe.

Zena 19:36
Mama??

Mama 19:38
NAKUJA

Mjomba Athumani 19:44
Dada asipite Namanga, mgongo wake hauwezi basi mchana kutwa. Apite Horohoro hadi Mombasa, alale, kesho yake apande treni. Mimi nimekula mshahara wa reli miaka 31 nayajua haya. Na mjue reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ya Mombasa 1896. Hao tuliwatangulia.

Rama 19:45
Mjomba ameanza

Mjomba Athumani 19:45
Nimemaliza.

Hamisi 19:58
Mama shikamoo. Mjomba kasema kweli. Basi la asubuhi kutoka Tanga. Mpakani unashuka mara moja tu, muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa jengo moja. Likoni mnavuka na kivuko. Unalala Majengo kwa shangazi Mwanakombo. Treni ni saa mbili asubuhi pale Miritini, ile inayosimama Voi, Mtito Andei, Emali. Daraja la kawaida 1,500 za huku, kama elfu thelathini za kwetu. Nitumie namba ya pasipoti nikate tiketi kwa M-Pesa. Syokimau utanikuta nimesimama.

Mama 20:02
🎤 Ujumbe wa sauti 0:21

Mwanaidi 20:03
Anasema Mungu akubariki baba. Anauliza huko wanaongea Kiswahili gani, maana jirani yake alikwenda akarudi analalamika.

Hamisi 20:11
Mama, ni hikihiki, ila kina mitego. Wiki ya kwanza keateka, yaani mwangalizi wa jengo, alinigongea mlango: "Bibi yako ako?" Nikamwambia bibi yangu alifariki 2009. Mzee wa watu akavua kofia, akanipa pole, akashuka ngazi polepole. Jioni mama wa mlango wa pili analeta mandazi ya msiba. Zena ndiyo kwanza anapanda na mkoba wake kutoka mjini, watu wanamtazama kama wameona jini.

Rama 20:12
😂😂😂😂

Hamisi 20:12
Huku bibi ni mke. Mandazi tulikula.

Zena 20:24
Mimi langu lilikuwa "naomba". Nilikwenda kwa mama mboga nikasema kistaarabu kama ulivyonifunza, "Naomba nyanya." Akanikazia macho: "Unaomba ama unanunua?" Mpaka leo naitwa Mama Naomba, mtaa mzima wa South B. Lakini ni mtu wangu yule. Ningekuwa na mkono wake! Anachukua majani ya sukuma wiki, anayakunja kama sigara nene, anakatia hewani kisu kikielekea kwenye dole gumba lake, hatazami hata, anaongea na wewe na mteja mwingine na mtoto wake. Zinadondoka nyuzi kama tambi. Nimejaribu nyumbani, nina plasta mbili.

Mwanaidi 20:26
Kwa hiyo mnakula sukuma wiki kila siku?

Zena 20:27
Kila siku ya Mungu. Nazi moja hapa naifikiria mara mbili, inatoka Pwani.

Zena 20:33
Mengine Mama uyajue kabisa. Konda akipiga kelele "mbao mbao tao" hauzi mbao, ni shilingi ishirini kwenda mjini. Finje hamsini, soo mia. Steji ni kituo. Stima ni umeme. Ukiambiwa "leta mitungi" usiende kutafuta gesi, ni madumu ya maji. Maji kwetu yanakuja Jumanne na Ijumaa. Siku hizo hata saa tisa usiku utasikia ngazi zinaimba, watu na mitungi yao.

Mama 20:40
SASA HUKO NI MJINI AU SHAMBA

Hamisi 20:41
😅 Mjini mama.

Mjomba Athumani 20:50
Baridi?

Zena 20:52
Julai hii mjomba, usiku unaweza kuona pumzi yako. Tuko mita 1,795 juu ya bahari. Mama aje na sweta, kanga mbili hazitamfaa kitu.

Mama 20:55
KANGA TATU

JUMAMOSI

Mwanaidi 10:05
Mama anafunga mizigo. Ana ndoo ya machungwa ya Muheza hapa.

Zena 10:09
Mwambie ayaache! Machungwa yamefika kabla yake. Kwa mama mboga yamepangwa chungu chungu na bei ni juu kidogo, "haya ni ya Tanzania, ni matamu". Vitunguu vilevile. Na mifuko ya plastiki asibebe hata mmoja, huku marufuku tangu 2017.

Hamisi 10:14
Mama, kama nafasi ipo, papa mkavu kidogo tu.

Zena 10:14
Hamisi!! Harufu yake siiwezi siku hizi.

Mwanaidi 10:15
Tangu lini? Wewe ulikuwa unamla kwa siri jikoni, unamsingizia paka.

Zena 10:22
Embe mbichi ndizo alete. Zile za mti wa nyuma.

Mama 10:24
SAWA

Rama 10:30
Anakaa muda gani? Maana Tanga ndiyo waja leo waondoka leo

Mama 10:31
NITAONA

JUMATATU

Shangazi Mwanakombo 06:48
Asalaam aleikum Tanga na Nairobi. Nimemwacha kituoni Miritini. Amekunywa chai, mikate miwili. Mizigo mitatu, mmoja unanuka.

Mama 07:04
MBWA AMEKAA KWENYE BEGI LANGU

Zena 07:04
Amekaa juu yake???

Mama 07:05
AMEKAA CHINI ANALIANGALIA

Hamisi 07:06
Mama usiogope, ni kawaida. Abiria wote wanapanga mizigo chini mstari mmoja, wanasogea pembeni, mbwa wa askari anapita ananusa.

Mwanaidi 07:06
Akikaa si ndiyo amekamata kitu??

Zena 07:07
Dada usitie watu presha

Mama 07:11
ASKARI AMEFUNGUA. AMENUSA. AMECHEKA. AMEULIZA NAUZA BEI GANI

Rama 07:11
😭😭😭 PAPA

Mjomba Athumani 07:12
Usiuze.

Zena 07:13
Hamisi leo tutaongea.

Mama 07:15
BEGI NITALIOSHA MARA SABA

Mama 10:20
📷 Picha 3

Rama 10:22
Mama hii ya pili ni kidole

Mama 10:25
NYUMA YA KIDOLE NDOVU WEKUNDU

Hamisi 10:27
Ndio Tsavo hapo. Ni lile vumbi lao, ndovu mwenyewe ni wa kijivu kama wa kwetu.

Mjomba Athumani 10:31
Dada, inakwenda kasi gani? Kuna kioo kinaonyesha juu ya mlango?

Mama 10:36
119

Mjomba Athumani 10:37
Reli pana hiyo, milimita 1,435. Yetu ya Tanga ni 1,000 kamili. Inatikisika?

Mama 10:38
CHAI HAIMWAGIKI

Mjomba Athumani 10:38
Mashaallah.

Zena 13:02
Hamisi uko wapi? Mimi nimepika wali, samaki wa kupaka. Nazi nimenunua, msiulize bei.

Hamisi 13:05
Niko Syokimau tangu saa sita. Upepo wa huku unakata masikio.

Hamisi 14:19
Nimempata! Kavaa kanga zote tatu kwa pamoja na sweta hakuna.

Mama 14:26
DEREVA ANANIITA SHOSHO. SHOSHO NI NANI

Zena 14:27
Ni bibi, Mama.

Rama 14:27
Bibi yupi sasa, wa huku au wa kwetu?

Zena 14:28
Wa kwetu.

Mwanaidi 14:29
Shosho wa nani?

Mwanaidi 14:33
Zena?

Mwanaidi 14:40
Nimeona tiki mbili za bluu hapa, Zena. Shosho wa NANI?

Hamisi 14:41
Shemeji tuko kwenye foleni, tukifika tutaongea vizuri.

Shangazi Mwanakombo 14:43
Embe mbichi 🤲🏾

Mama 15:37
NIMEFIKA. NIMEMWONA. NILIJUA TANGU BAISKELI