Gari la kwenda Entebbe usiku wa manane: programu, special hire, gari la hoteli au kulala Kitoro?

Kasim_Ntinda

Wakuu, habari za jioni. Tunasafiri watu wanne, masanduku matano ya kilo 23 na mabegi ya mkononi. Tunatokea Ntinda, hapa Kampala, na ndege inaruka Entebbe saa 11:10 alfajiri. Naona njia nne: kuita gari kwa simu (Uber, Bolt na wenzake), kumkodi dereva wa special hire (gari binafsi la kukodi kwa safari) wa hapa mtaani, kuchukua gari la hoteli au kampuni ya utalii, au kushuka Entebbe mchana na kulala huko, mtaa wa Kitoro. Wenye uzoefu wa njia hiyo naomba mnilinganishie. Nikiongeza pesa kidogo nipate uhakika, sina neno.

Suka_wa_Busega

Ssebo, kabla ya gari piga hesabu ya saa. Tiketi yako inasema 05:10. Mashirika mengi ya safari za kimataifa yanafunga kaunta dakika 60 kabla, kwa hiyo 04:10 mchezo umekwisha hata kama ndege unaiona kwa macho. Ukirudi nyuma saa tatu kutoka 05:10 unapata 02:10, na huo ndio muda wa kuwa pale, si wa kutoka nyumbani. Usiku, kutoka Ntinda kwa Northern Bypass (barabara inayozunguka mji) hadi Busega kisha Expressway (barabara ya kulipia ya kwenda Entebbe), ni kama saa moja barabara ikiwa shwari. Ongeza nusu saa ya tairi, mvua au kizuizi cha polisi. Gari lianze kutembea 00:40, maana yake mizigo ianze kupakiwa saa sita na robo usiku.

Sasa linganisha. Saa sita na robo usiku, kwenye programu, watu wanne na masanduku matano, hapo umejipa kazi. Magari mengi yanayokuja ni Premio, Wish au yale madogo ya kina Vitz na Passo. Premio inameza masanduku mawili makubwa, la tatu kwa kulazimisha. Wish ina viti saba, lakini ukikunja vile vya nyuma ili mizigo ikae, unabaki na nafasi ya abiria wanne na masanduku manne hivi. La tano utalipakata. Kwa hiyo uite magari mawili, na mmoja akighairi nusu ya familia inabaki barabarani.

Na ile sehemu ya kupanga safari mapema ndani ya programu, watu wanaiamini kupita kiasi. Mara nyingi hakuna dereva aliyetengwa kwa ajili yako tangu jana yake. Mashine inaanza kumtafuta muda ukikaribia. Kama waliopo karibu hawataki kwenda Entebbe saa hiyo, hupati mtu.

Kwa hali yako mimi ningechukua Noah au Alphard ya kukodi, dereva mmoja, bei iliyofungwa mapema. Noah ukikunja viti vya mwisho inabeba masanduku matano bila kugombana.

Bint_Mwanga

Suka kasema kweli kwa usiku, ila wasomaji wengine wasije wakadhani programu hazifai kabisa. Mtu mmoja, sanduku moja, saa nne asubuhi, yuko Kololo au Nakasero: programu ndiyo nafuu na gari linafika upesi. Angalia mambo matatu tu. Ushuru wa Expressway mara nyingi haumo kwenye bei unayoonyeshwa, utatoa mwenyewe. Mvua ikinyesha bei inapanda, na kwa sababu muda nao unahesabiwa, foleni ya Natete inaweza kukuongezea. La tatu, dereva akipiga simu kuuliza "unakwenda wapi, unalipa keshi au kadi?" kisha akanyamaza, usimsubiri. Ita mwingine papo hapo.

Dereva_Zana

Ngoja niwawekee hesabu ya upande wa usukani, halafu mtajua bei ipi ni ya kweli.

Mjini hadi uwanja wa ndege ni kama kilomita 40. Dereva anarudi mtupu, kwa hiyo hesabu kwenda na kurudi, weka 90 ukijumlisha kumfuata abiria nyumbani. Gari la lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100 linakunywa lita 7 hadi 9. Petroli ikiwa shilingi 5,000 za Uganda kwa lita, hapo pana 35,000 hadi 45,000. Expressway ni 5,000 kwa gari dogo kila unapopita, kwenda na kurudi 10,000. Hata hujamlipa mwenye gari wala huyo dereva, umeshafika 45,000 hadi 55,000. Ndiyo maana bei za kawaida za kukodi kutoka Kampala zinacheza kati ya 100,000 na 150,000, na gari kubwa au la usiku linavuka hapo. Anayekuambia 60,000 ana mpango mwingine: atasimama njiani kuokota abiria, au atakuomba "pesa ya mafuta" mkiwa Busega, au usiku huo akipata kazi nzuri zaidi atazima simu.

Uliza kama tangi limejazwa. Si swali la matusi. Magari mengi ya kukodi mjini yanatembea na taa ya mafuta ikiwaka, dereva anaweka ya elfu kumi kila abiria anapopatikana. Mwambie ajaze jioni, na umpe malipo ya awali yanayotosha mafuta tu, siyo nusu ya bei.

Tairi la akiba nalo lipo chini ya mizigo. Likaguliwe kabla masanduku hayajapanda: lina upepo, jeki ipo, spana ipo. Kulitoa saa nane usiku kandokando ya Expressway huku masanduku matano yako chini kwenye lami, hiyo kazi simtakii mtu.

Kasim_Ntinda

Asanteni sana. Dereva Zana, malipo ya awali nayatumaje kwa usalama? Na hili gari la hoteli mbona hamjaligusa?

Dereva_Zana

Kwa mobile money, MTN au Airtel. Kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lilinganishe na jina lililo kwenye leseni yake ya udereva, mwambie akutumie picha. Majina yakitofautiana akasema "hiyo ni ya mke wangu", mwambie utamlipa keshi akifika. Na mkubaliane mapema juu ya ada ya kutolea, kwa sababu anayetoa pesa anakatwa ada ya mtandao na juu yake ushuru wa serikali wa asilimia 0.5. Madereva wengi watasema "tuma na ya kutolea". Ukiwa umefunga bei 130,000 bila kulisema hilo, mtaanza kubishana mlangoni kwa elfu mbili tatu.

Bint_Mwanga

La hoteli: bei yake mara nyingi inatajwa kwa dola na iko juu ya special hire. Unachonunua hapo ni mtu wa mapokezi aliye macho usiku kucha. Dereva asipotokea, yeye ndiye anayehangaika kutafuta mwingine, siyo wewe. Kwa mgeni asiyejua mtu Kampala, nasema alipe tu. Kwa mkazi wa Ntinda mwenye madereva anaowafahamu kwa sura kwenye steji ya mtaa, sioni sababu.

Omukwano_Makindye

Nataka kupinga kidogo habari ya Expressway. Kwa anayetokea Makindye, Kibuye au Najjanankumbi, saa saba usiku barabara ya zamani ya Entebbe ni tupu. Unapita Zana, Seguku, Kajjansi, Kisubi, unaibukia Abayita Ababiri bila kulipa chochote, na gari likileta tabu kuna vituo vya mafuta na watu. Kwenye Expressway ukiharibikiwa uko peke yako.

Suka_wa_Busega

Kwa Makindye nakubali nusu. Mchana na jioni barabara ya zamani usiiguse: Kibuye hadi Kajjansi peke yake inaweza kula saa moja na nusu. Usiku kuna lori zisizo na taa za nyuma, boda zinazokatiza ghafla, na matuta. Na aliye Ggaba, Bunga au Munyonyo ana tawi lake la Expressway, aingilie Munyonyo, asipande mjini kabisa. Kwa Ntinda hakuna mjadala: ingia bypass pale Kiwatule, toka Busega, ingia Expressway, shuka Mpala. Mwendo wa juu ni kilomita 100 kwa saa, dereva asikuambie anawahi.

Muwe na noti ndogo za ushuru mkononi. Noti ya 50,000 saa nane usiku ni kumtafutia mtu chenji.

Mama_Zahara_Jinja

Sisi wa huku Jinja nani atatusemea? Kilomita 80 hadi Kampala kwenye ramani zinadanganya. Lori za msitu wa Mabira ukizifuata nyuma huna pa kupita, halafu Mukono, Seeta na Bweyogerere zinakusubiri. Gari likitokea Jinja liingie bypass hapo Bweyogerere, karibu na Namboole, lizunguke hadi Busega. Lisiingie katikati ya mji hata kidogo. Kwa ndege ya usiku gari liondoke Jinja angalau saa nane kabla ya ndege kuruka. Naona watu wanacheka, ila mkae mkijua kwamba lori moja likilala barabarani pale msituni, hakuna njia ya mkato.

Wenye kutokea Masaka na Mbarara nao wako hivyohivyo: kikwazo ni Kyengera, mkifika Busega mnaingia Expressway moja kwa moja.

Nyota_ya_Arua

Kwa tunaokuja kwa basi kutoka mbali, hesabu ni nyingine. Basi likichelewa saa tatu, dereva uliyemkodi haendi kukungoja bure. Afadhali kufika mapema, kuteremka Entebbe kwa teksi ya abiria 14 kutoka mjini na kulala Kitoro. Teksi hizo haziendi hadi jengo la abiria, mwisho wake ni mjini Entebbe, kwa hiyo alfajiri bado unahitaji gari dogo la kukusogeza, ila hapo ni kilomita chache tu. Mizigo nayo ni shida, kila sanduku linalokalia kiti linalipiwa kiti.

Kasim, kwa familia yako ya wanne, vyumba viwili Kitoro pamoja na usafiri wa kushuka na wa alfajiri vitazidi bei ya Noah. Faida yake ni moja: foleni ya Kampala haikuhusu tena. Ningeifanya kwa ndege za jioni ya Ijumaa, si kwa ya alfajiri.

Bint_Mwanga

Jioni, hasa! Ndege ya alfajiri ina gari gumu kupatikana na barabara rahisi. Ya saa nne usiku ni kinyume chake. Ndege ya 22:50 inakutaka uwanjani 19:50, na hiyo ina maana ya kuendesha katika saa zile mji wote unarudi nyumbani. Toka Ntinda saa kumi jioni, ukifika mapema utakaa. Mvua ikinyesha, Bwaise na Kalerwe zinajaa maji na magari yote yanakimbilia bypass. Na ujue Ikulu iko Entebbe: msafara ukipita, barabara inasimamishwa na dereva hana la kufanya.

Mzee_Kibuye

Vijana, mmesahau tarehe. Ndege ya 00:40 Jumatano, gari linatakiwa Jumanne jioni. Halafu kuna saa: ukimwambia dereva "njoo saa sita", mwingine anasikia saa sita ya Kiswahili, mwingine anasoma 6:00 kwenye simu. Andika kwa tarakimu 24 na jina la siku, umalizie.

Suka_wa_Busega

Mzee kanikumbusha. Kasim, ujumbe wa kumtumia dereva uwe mmoja, akujibu "nimekubali" kwa maandishi:

"Jumatano kuamkia Alhamisi. Gari liwe mlangoni Alhamisi 00:15. Ntinda hadi jengo la kuondokea, Entebbe. Watu 4, masanduku 5 makubwa. Noah, namba ya gari …. Bei …, Expressway na maegesho ndani ya bei. Malipo ya awali …, iliyobaki tukifika. Dereva wa akiba: jina na simu."

Hicho cha mwisho ndicho wengi wanakiacha. Dereva wa kweli ana mwenzake wa kumwokoa. Asiye na wa kumtaja, mtafute mwingine.

Mpigie saa 22:45. Asiposhika simu mpaka 23:00, mpigie wa akiba; bado una saa moja na robo kabla ya muda wa kupakia.

Kasim_Ntinda

Nimeshawishika, naenda na Noah. Kule kwenye kizuizi cha uwanjani mambo yakoje siku hizi?

Dereva_Zana

Abiria wote mnashuka, mnapita kwenye ukaguzi kwa miguu, dereva anabaki na gari likikaguliwa, halafu mnapanda tena upande wa pili. Pasipoti na tiketi ziwe kwako mkononi. Zikiwa ndani ya sanduku la chini kabisa kwenye buti, mtawachelewesha walio nyuma na ninyi wenyewe. Simu, funguo na sarafu weka ndani ya begi kabla hujashuka. Dereva naye awe na kitambulisho chake.

Mlangoni mwa jengo mizigo inapita tena kwenye mashine. Wasindikizaji wasihesabiwe kwenye viti: hawaingii ndani, na kila mmoja anakula nafasi ya sanduku.

Omukwano_Makindye

Na mzani, jamani. Pima masanduku nyumbani jioni. Kilo zikizidi, afadhali ufungue sanduku sebuleni kwako kuliko mbele ya kaunta 04:00.