Kampuni inaahidi ndege hazitapungua 54, sisi tusidai nyongeza miaka 3. Nipige kura ya ndiyo?

Kiti cha Kulia

Wakuu, habari za huko. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mikataba na wale mliowahi kurusha ndege.

Mimi ni Mtanzania, nipo Marekani mwaka wa 11 sasa. Ni rubani msaidizi wa Embraer 175 kwenye kampuni ndogo inayobeba abiria kwa niaba ya kampuni kubwa. Yaani ndege ina rangi za mkubwa, tiketi inakatwa kwa mkubwa, ila mshahara wangu unatoka kwa mdogo. Jina naliacha, kazi bado naihitaji.

Chama chetu na kampuni wamefikia makubaliano ya awali ya mkataba mpya, kura zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka 3 hakuna nyongeza, posho ya safari inabaki palepale, makato ya bima ya afya yanapanda kidogo. Badala yake kampuni inatuhakikishia kwamba ndege hazitashuka chini ya 54 hadi mwisho wa 2031. Leo tunarusha 64.

Juzi walituita hotelini jirani na uwanja ili watufafanulie. Kuku, soda, na kwenye skrini hiyo 54 imeandikwa kubwa kama bei ya promosheni. Kuna kapteni mmoja mtu mzima alikaa mbele yangu, muda wote anafuta miwani. Alipomaliza akasema, "Mimi nimeshaahidiwa ndege mara mbili," akabeba sahani yake akaondoka.

Kwenye orodha ya ukongwe mimi ni wa 497 kati ya marubani 640. Huku wakipunguza watu wanaanzia mkiani, aliyeingia mwisho ndiye anatangulia kutoka. Nina mkopo wa nyumba, watoto wawili, wa tatu yuko njiani. Mama watoto anasema kazi kwanza, hela zitafuata. Naelekea ndiyo. Nakosea wapi?

Mdau wa Dirishani

Rubani anaomba ushauri wa mshahara kwa sisi wapanda daladala 😂 Naweka kambi hapa nisome.

Bi Mahesabu

Hongera kwa wa tatu. Tuanze na kalamu.

Marubani 640 kwa ndege 64 ni marubani 10 kila ndege. Ndege 54 zinahitaji 540. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwarudisha watu 100 nyumbani kesho asubuhi na isiwe imevunja hata nukta ya hiyo ahadi. Wewe wa 497 umepona, lakini kwa nafasi 43 tu. Sasa muulize wa 560 anayepiga kura meza moja na wewe: yeye anaacha nyongeza ya miaka 3 ili anunue nini?

Mtoto wa Nyali

Kaka, mimi niko Mombasa, nimefanya kazi za ratiba za ndege miaka mingi kabla ya kustaafu. Kabla ya 54, waulize hiyo "ndege" kwao ni kitu gani.

Wacha nikupe mfano wa huku kwetu. Mwaka 2016 Kenya Airways walipokuwa wamebanwa na madeni, walizikodisha Boeing 777-300ER tatu kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air. Sisemi walikosea, ndege kubwa isiyojaa ni hasara kila inapopaa. Lakini fikiria wewe ni rubani na mkataba wako unasema "ndege za kampuni". Hizo tano utazihesabu? Kwenye vitabu bado zipo, ila usukani ameshika Mturuki.

Na ile ya Air Tanzania Novemba 2022, Airbus A220 zikasimama kwa sababu ya injini za Pratt & Whitney. Ndege ipo, rangi ya Twiga ipo, haitoki. Ndege isiyotoka haihitaji rubani.

Mwanasheria Uchwara

Mtoto wa Nyali amegusa penyewe. Mkuu, bandika kifungu chenyewe hapa, siyo maelezo ya hotelini. Tafsiri kwa Kiswahili, futa majina.

Kapteni Mstaafu

Nimerusha hizi ndege ndogo huko huko Marekani miaka 19. Nitasema jambo ambalo wengi humu hawatalipenda: kuna wakati kukubali ni sawa.

Pinnacle, kampuni ndogo kama yako, waliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Aprili 2012. Marubani wakakubali kukatwa mishahara. Walichopata ni ndege za CRJ-900 zipatazo 81 pamoja na njia ya kufanyiwa usaili kwa mkubwa wao, Delta. Mwaka uliofuata kampuni ikatoka mahakamani ikiwa mali ya Delta, ikaitwa Endeavor Air, na inaruka mpaka leo. Comair nayo ilikuwa mali ya Delta, nayo ilizimwa mwishoni mwa Septemba 2012. Mwaka uleule, mwenye mali yuleyule. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kumilikiwa na mkubwa ni kinga.

Tofauti niliyoiona mimi: kwa Pinnacle, mwenye ndege na mwenye abiria alikuwemo ndani ya makubaliano. Kampuni ndogo haina ndege za kuahidi, nyingi ni za mkubwa au za wakodishaji. Mdogo kukuahidi ndege ni sawa na dereva wa bosi kukuahidi gari.

Ila kukataa nako kuna bei. Marubani wa Envoy, kampuni ndogo nyingine, walikataa makubaliano ya namna hiyo mwaka 2014, ndege mpya zikaanza kwenda kwa wengine, baadaye wakarudi mezani ndipo Embraer 175 zikaja kwao.

Kiti cha Kulia

Asanteni wazee. Kifungu hiki hapa, nimetafsiri mwenyewe usiku, mnisamehe lugha:

*"Kampuni itaendesha ndege zisizopungua 54 hadi tarehe 31 Desemba 2031, isipokuwa pale itakapozuiwa na mazingira yaliyo nje ya uwezo wake, ikiwemo uamuzi wa mshirika wake wa kibiashara. 'Ndege' maana yake ni ndege yoyote iliyoorodheshwa kwenye cheti cha uendeshaji cha Kampuni."*

Basi. Hakuna kingine.

Mwanasheria Uchwara

Mkuu, umekisoma hicho ukiwa umekaa?

"Ikiwemo uamuzi wa mshirika wake wa kibiashara." Huyo mshirika ni nani kama siyo huyo mkubwa mwenye rangi? Sababu moja inayoweza kukuondolea ndege kwa siku za kawaida ni mkubwa kuamua kuzipeleka kwingine, na hiyo ndiyo wameitoa kwenye dhamana. Ni kama bima ya moto isiyolipa nyumba ikiungua.

Pili, kifungu hakisemi wakivunja nini kinatokea. Huko Marekani kazi zenu ziko chini ya sheria ya reli ya 1926, usafiri wa anga uliingizwa 1936. Mgogoro wa kutafsiri mkataba uliopo hauwapi haki ya kugoma, unakwenda kwa msuluhishi. Mnaendelea kuruka huku mkisubiri. Aliyepunguzwa naye anasubiri, ila yeye anasubiria kwenye Uber.

Haya siyo ya kufikirika. Mkataba wa marubani wa Delta wa 2001 ulikuwa na kifungu cha kutowapunguza. Likaja Septemba 11, kampuni ikasema hili liko nje ya uwezo wetu, watu wakapunguzwa, mabishano yakaishia kwa wasuluhishi. Pale angalau dharura ilikuwa dharura, dunia nzima iliona. Kwenu mkubwa akiamka amekasirika tu, tayari ni dharura.

Na hata ukipata kifungu kizuri, kampuni ikiingia ufilisi kuna kifungu cha 1113 cha sheria ya ufilisi, tangu 1984, kinachoiruhusu kuomba mahakama iuweke kando mkataba wa wafanyakazi. Kwa hiyo usilipie dhamana kana kwamba ni ukuta wa zege.

Mdau wa Dirishani

Dah. Na kuku wakala.

Kiti cha Kulia

Wakuu, leo asubuhi nilikuwa na dakika 40 kabla ya safari ya kwanza, nikapanda basi la wafanyakazi mpaka mwisho wa uwanja, kule karibu na karakana. Ndege zetu saba zimeegeshwa mstari mmoja. Midomo ya injini imezibwa kwa vifuniko vyekundu, madirisha ya mbele yamebandikwa karatasi za kung'aa, na kwenye tairi ya ile ya tatu majani yameota. Nikamuuliza fundi kama zimeshafutwa kwenye cheti. Akacheka. "Zote zimo, kuzifuta ni makaratasi." Kumbe zile 64 ninazozitaja ni zinazoruka tu. Kwenye cheti ziko 71.

Bi Mahesabu

Ngoja.

Zinazohesabika 54, toa saba zilizoota majani, zinabaki 47 zinazoruka. Mara 10 ni 470.

Wewe ni wa 497.

Kiti cha Kulia

Nimeiona hiyo hesabu nikiwa kwenye foleni ya kahawa. Nimeikosa kahawa yenyewe.

Mama wa Wawili

Mimi ni mke wa rubani, tulipitia kupunguzwa mwaka 2020. Mkeo hajakosea kusema kazi kwanza. Tatizo ni kwamba hicho anachodhani mnakinunua hakimo kwenye karatasi. Mwonyeshe kifungu na hesabu ya 470, usimpe maelezo ya wanaume wa jukwaani. Mimi wangu alinionyesha baada ya kupiga kura.

Kapteni Mstaafu

Kijana, nenda kwa mwakilishi wa chama na orodha fupi. Maneno ya mshirika wa kibiashara yafutwe, au mkubwa mwenyewe aweke sahihi barua ya kuambatana na mkataba. Ndege ihesabiwe ile iliyopangiwa safari za abiria mwezi huo. Zikishuka chini ya 54, nyongeza mliyoiacha irudi siku hiyohiyo bila kusubiri msuluhishi. Hili la mwisho ndilo lenye meno, maana wahasibu wao wataliona hata kama mawakili watalala.

Na ingekuwa mimi, ningeomba kinga ya majina badala ya idadi ya ndege: kila rubani aliye kwenye orodha siku ya kusaini asipunguzwe. Wakigoma hapo, uliza njia ya kuhamia kwa mkubwa. Kwa kampuni hizi ndogo, ulinzi wa kweli niliowahi kuuona ni mlango wa kutokea.

Halafu kumbuka 2022. Envoy, Piedmont na PSA, kampuni ndogo kama yako, walipandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi kama dola 90 kwa saa. Hakuna dhamana ya ndege iliyoleta zile hela, marubani walikuwa hawapatikani. Ukifunga mshahara miaka 3, unaufunga hata siku soko likiwa upande wako.

Mtoto wa Nyali

Naunga mkono, isipokuwa kitu kimoja. Usiende peke yako. Mtafute yule mzee wa miwani.

Kiti cha Kulia

Mrejesho. Nilimpata. Kumbe ana nakala za ahadi zote mbili za zamani kwenye bahasha, moja ya 2005 nyingine ya 2012, kampuni tofauti, na zote zina yale maneno ya mshirika. Amezipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Tulikwenda wawili kwa mwakilishi wa chama. Akasoma mara mbili, akasema kifungu cha mshirika walikiona, ila kampuni ilisema bila hicho hakuna 54. Kuhusu zile saba za karakana alinyamaza, akaandika namba kwenye kiganja cha mkono. Alhamisi kuna kikao cha simu cha marubani wote, ametupa dakika 5.

Mama watoto ameiona hesabu. Aliuliza swali moja tu: wa 470 ni nani, na ana watoto wangapi?

Kura yangu bado sijaipiga. Nikirudi Alhamisi nitaandika.

Mdau wa Dirishani

Tupo. Kambi haijavunjwa.