Tupeane uzoefu: soriasisi, mate na afya ya kinywa

Mkarafuu (mfungua mada)
Assalaam alaykum jamani. Tukizungumza soriasisi, maradhi ya ngozi yenye mabaka ya magamba, mazungumzo yote huishia kwenye viwiko, magoti na mafuta ya kupaka. Kinywa hakuna anayekigusa. Wanaohudumia watu wenye maradhi haya, tuwekeeni mnachokijua: mate yanapungua kwa nini, ulimi unabadilika vipi, fizi zitunzwe vipi. Semeni kiasi na vipimo. Picha za ndimi za watu msiturushie.

MenoWete
Waalaykum salaam. Naanza na mate, maana ndiyo yasiyopimwa. Mtu mzima mwenye afya hutoa nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Akiwa ametulia, hatafuni kitu, ni kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika. Yakiwa chini ya 0.1, hapo kinywa kimekauka kweli. Wapo wanaolalamika ukavu na mate yao yako sawa, na wapo ambao mate yamekwisha na hawana habari mpaka meno yatoboke shingoni, pale yanapokutana na ufizi.

Kupima ni rahisi. Asubuhi, kaa dakika 90 bila kula, kunywa, kupiga mswaki wala kuvuta. Kaa kitako, kichwa kiiname kidogo. Meza mate yote yaliyomo, kisha hesabu dakika 5. Katika muda huo usimeze na usinyonye mashavu. Acha mate yadondoke yenyewe kwenye kikombe safi, mwisho utoe yaliyobaki. Subiri povu lishuke, vuta kwa bomba la sindano la mililita 5 (sindano yenyewe itoe) usome. Yasipofika nusu mililita, nenda kwa daktari wa meno na namba hiyo mkononi. Wengi hukosea kwa kupima mara tu baada ya chai ya tangawizi, au kuhesabu povu kuwa ni mate.

Ngozi_MjiMkongwe
Niongeze sababu. Katika soriasisi kinga ya mwili inawaka bila ya kuwepo adui, na kemikali zinazoiwasha ngozi, kama TNF na interleukini 17, ndizo hizo hizo zinazokutwa kwenye fizi zenye maradhi ya kula mfupa. Ndiyo maana haya mawili hufuatana mara kwa mara. Sigara huyachochea yote. Tafiti kadhaa zimekuta mate ya wenye soriasisi ni machache na yana asidi zaidi, ingawa si kwa kila mgonjwa. Jino huanza kuyeyuka pH ya kinywani ikishuka karibu na 5.5, na kazi ya kuipandisha tena ni ya mate. Yakipungua, kila kikombe cha juisi ya mabungo yenye sukari kinakaa kinywani muda mrefu zaidi.

Sasa ulimi. Kinachoonekana zaidi ni ulimi wa ramani: mabaka mekundu laini, vinundu vya juu vimepotea, pembeni pana ukingo mweupe ulioinuka kidogo. Leo baka liko kushoto, baada ya siku chache limehamia kulia. Mwingine huwa na mipasuko mirefu, na chakula hukwama humo. Yote mawili si saratani wala hayaambukizi, na hata wasio na soriasisi huwa nayo. Yasipouma, hayahitaji dawa.

Jaribio la haraka: funga kitambaa safi kwenye kidole, futa pale peupe. Weupe ukitoka na kuacha wekundu, fikiria fangasi. Weupe usipotoka na baka linahama, ni ramani. Weupe usipotoka na baka halihami, wiki mbili zimepita, hiyo ipelekwe hospitali ikachunguzwe, khasa kwa mlaji wa tambuu au anayeweka tumbaku shavuni. Hapo sina mjadala.

DukaLaDawa
Kabla ya kuyalaumu maradhi, toa mfuko wa dawa. Mara nyingi mkaushaji yumo humo. Piritoni ya kutuliza muwasho hukausha, amitriptilini ya usiku (dawa ya sonona na maumivu) hukausha zaidi. Asitretini, vidonge vya soriasisi, hupasua midomo karibu kwa kila anayeitumia: paka vaselini mara nyingi kabla haijapasuka, usiilambe. (Mwanamke anayeweza kushika mimba asianze dawa hiyo bila kuzungumza na daktari, tahadhari inaendelea miaka 3 baada ya kuiacha.)

Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa soriasisi humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, tuseme Jumatatu, uiandike juu ya kopo kwa kalamu nene. Asidi ya foliki, ambayo kwa kawaida ni miligramu 5 kwa wiki, imezwe siku nyingine kama daktari alivyopanga. Anayemeza methotreksati kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine, kinywa ndicho hutoa taarifa mapema: vidonda vingi, kumeza kunauma, wakati mwingine na homa. Huyo asisukutue chumvi na kungoja kesho. Aache dozi, aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu yote, maana uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuwa umeshaguswa. Septrini (antibiotiki) na methotreksati visikutane kabisa. Ukienda kung'olewa jino, sema unatumia nini kabla hujaandikiwa diklofenaki, ibuprofeni au amoksilini, kwani nazo zinaweza kuifanya methotreksati ikae mwilini zaidi.

Anayetumia siklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, akiona fizi zinavimba na kupanda juu ya meno, aseme. Akiwa pia na nifedipini au amlodipini ya presha, tatizo huzidi. Fangasi hutokea zaidi kwa sindano zinazozuia interleukini 17. Nistatini ya maji, mililita 1 mara 4 kwa siku baada ya chakula, izungushe kinywani muda mrefu kabla ya kumeza, uendelee siku 2 baada ya utando kuondoka. Wengi huacha siku ya tatu, utando unarudi.

Bi_Mtambwe
Na mafuta ya karafuu? Huku kwetu jino likiuma ndiyo dawa ya mwanzo.

MenoWete
Bi Mtambwe, karafuu ina yujenoli, inatia ganzi kweli. Lakini mafuta yake yakiwa makali, bila kuchanganywa, huunguza ngozi laini ya kinywa, na ulimi wa ramani hauna ile ngao ya juu. Kidogo kwenye pamba, ndani ya tundu la jino tu, yasiguse ulimi wala ufizi, na bado ukamwone daktari. Dawa za meno zenye ladha kali ya mdalasini nazo ziachwe.

Kwa kila siku: dawa ya meno yenye floridi ppm 1000 hadi 1500 (sehemu kwa milioni), isiyo na SLS, ile sabuni ya kutoa povu (soma ubavuni mwa boksi), mswaki laini, mara 2, dakika 2. Tema povu, usisukutue kwa maji. Kinywa kikiuma: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua mara 3 au 4. Magadi ya kupikia yasitumike, ni makali. Klorheksidini, dawa ya kusukutua ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika 1, mara 2 kwa siku, isizidi wiki mbili bila ya ushauri. Hupaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha, na isitumike ndani ya nusu saa baada ya mswaki.

Mkarafuu
Na vyakula? Urojo hatuachi!

Ngozi_MjiMkongwe
Hakuna anayekunyang'anya urojo. Wakati ramani imewaka, punguza ndimu na pilipili, embe mbichi ya pilipili subiri. Ikitulia, kula. Mtindo wa kukata kila kitu kwa hofu sikubaliani nao.

Ramadhani: gawa maji toka futari mpaka daku, usiyamimine yote daku. Piga mswaki baada ya daku, kabla ya adhana, kitu cha mwisho kinywani kiwe maji matupu. Suala la mswaki mchana muulizeni sheikh wenu. Na msitafune peremende zenye sukari usiku kucha kwa kutafuta mate. Ubani wa kutafuna (bigijii) usio na sukari unafanya kazi hiyo bila ya kutoboa meno.

DukaLaDawa
Jambo moja la koo. Tonsili zenye usaha za bakteria wa streptokoki zinaweza kuamsha soriasisi ya vitone vidogo mwili mzima, khasa kwa watoto na vijana. Mtoto wa skuli akipata vitone wiki chache baada ya koo, mwambie daktari habari za koo. Na vidonge vya prednisoloni vya kununua bila cheti, kisha kuacha ghafla, vinaweza kuilipua soriasisi ikawa na usaha.

MenoWete
Wenye soriasisi ya viungo: vidole vikikakamaa, mpini wa mswaki ni mwembamba mno. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, sentimita 10, uviringishe kwenye mpini mpaka unene kama mpini wa kisu cha jikoni, ufunge kwa uzi. Uvue uoshe kila wiki, ndani hushika ukungu. Taya likiuma mbele ya sikio asubuhi, au mdomo haufunguki upana wa vidole vitatu, mwambie daktari wa viungo na wa meno pia, kwani maungio ya taya nayo hushikwa. Miadi ya kusafisha ukoga iwe kila miezi 3 hadi 6 kama fizi zinatoka damu, na uiombe saa za asubuhi iwapo taya hulegea mapema, mchana kama linachelewa.