Ruta ya akiba haikushika lango faiba ilipokatika

Mpangaji_Upanga: Habari za leo, wakuu. Ofisini kwetu Upanga tuna ruta mbili zinazotumia VRRP (itifaki inayoziwezesha ruta kadhaa kupokezana lango moja), kila moja ikiwa na faiba ya mtoa huduma wake, na kompyuta zote zimepewa anwani moja ya lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti. Nilipoichomoa ruta kuu kwenye umeme kwa majaribio, ya akiba ilishika lango kabla ya sekunde nne kutimia. Wiki iliyopita wachimba mitaro walikata faiba ya ruta kuu, nasi tukakaa bila intaneti mpaka nilipoizima ruta hiyo mwenyewe. Kwa nini lango halikuhama?

FundiRuta: Mkuu, itifaki haikukosea. Ruta kuu hutangaza uhai wake kila sekunde moja kupitia 224.0.0.18 (anwani ya kundi ya ruta za VRRP), kwenye mtandao wa ndani tu. Ya akiba husubiri sekunde tatu za ukimya, pamoja na sehemu ya sekunde inayotegemea kipaumbele chake (namba inayoamua nani ashike lango, kubwa hushinda), ambayo kwa kipaumbele 100 ni kama 0.61, ndipo inapoichukua anwani ya lango na anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) inayoambatana nayo, wala kompyuta hazitambui kwamba mwenye lango amebadilika. Faiba yako ilikatika upande wa nje, matangazo ya ndani yakaendelea kama kawaida. Iagize ruta kuu ifuatilie mlango wake wa nje (tundu la kebo ya mtoa huduma) na ijishushe kipaumbele unapoanguka. Angalia hesabu: kama kuu ina 120 na akiba 100, kushusha 10 ni kazi bure, shusha 30. Wanaotumia HSRP, itifaki ya Cisco inayofanya kazi kama hiyo, wawashe pia ruhusa ya kunyang'anya lango, maana kwa kawaida huwa imezimwa.

Swichi_Kariakoo: Hapo kwenye mlango nina shaka. Kile kisanduku cha faiba cha ukutani kikiwa na umeme, mlango wa ruta huonekana mzima hata kama faiba imekatwa barabarani. Ni afadhali ruta ipige pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili unajibu) kwenye anwani iliyo nje kabisa, tena zaidi ya moja, na ikubali kwamba njia imekufa baada ya pingi kadhaa kukosa majibu, la sivyo lango litakuwa likihamahama kutwa.

Mpangaji_Upanga: Ahsanteni. Jioni hii nimechomoa faiba kwenye kisanduku na lango limehama lenyewe. Kikao cha video kilichokuwa kikiendelea kimekatika, kwa kuwa anwani yetu ya nje imebadilika pamoja na mtoa huduma, lakini kujiunga upya kumechukua muda mfupi tu.